Maswali ya Wasomaji: Majarida ya Usanifu Majengo Katika Nchi za Kikomunisti

Toleo lililopita lilibeba makala kuhusu majumba marefu ya Michenzani, Unguja, na mchango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki katika mipango ya mji wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Barua nyingi zilizofuata zimetoka mikoa ya Lindi na Mtwara, na karibu zote zimeacha majumba yenyewe na kuuliza juu ya maandishi: wasanifu na wapanga miji wa nchi zilizotawaliwa na vyama vya Kikomunisti walikuwa wakiandika nini, nani aliwasoma, na maandishi hayo yana thamani gani leo. Tumechagua barua tano na kuzifupisha pale ilipobidi.

Swali. Shikamoo Mhariri. Marehemu mjomba wangu alisomea ujenzi Weimar, Ujerumani Mashariki, katikati ya miaka ya 1960, na katika sanduku lake la bati hapa Lindi nimekuta matoleo kadhaa ya jarida liitwalo Deutsche Architektur. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya usanifu majengo, na Kijerumani nakisoma kwa msaada wa kamusi. Mwalimu wangu ameniambia nisijisumbue, kwa kuwa ni propaganda tupu ya chama. Je, ni kweli? (Msomaji, Lindi mjini)

Jibu. Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Mwalimu wako hajakosea, ila ameishia njiani. Jarida hilo lilianza kuchapishwa mwaka 1952 chini ya Deutsche Bauakademie, taasisi ya serikali iliyosimamia utafiti wa ujenzi mjini Berlin, na mwaka 1974 likabadilishwa jina na kuitwa Architektur der DDR. Katika nchi ile uchapishaji ulihitaji kibali na karatasi ilitolewa kwa mgao, kwa hiyo hapakuwa na jarida huru la wasanifu ambalo lingeweza kusimama pembeni na kulijibu. Anayelisoma kama asomavyo gazeti huru atapotea. Lakini anayelitupa kwa sababu ni la dola atakuwa ametupa kumbukumbu nzuri ya namna taaluma nzima ilivyolazimika kugeuza kauli zake, kisha kuzigeuza tena, katika muda usiozidi miaka kumi.

Ndiyo maana nakushauri utazame tarehe ya toleo kabla hujafungua kamusi. Julai 27, 1950, serikali ya Ujerumani Mashariki ilipitisha Kanuni 16 za Ujenzi wa Miji, zilizotokana na ziara ya maofisa na wasanifu waliopelekwa Moscow majira ya kuchipua ya mwaka huo huo. Kanuni hizo zilitamka kwamba kitovu cha mji ndicho moyo wake wa kisiasa, kwamba maandamano na sherehe za kitaifa zifanyike katika viwanja vyake vikuu, na kwamba haiwezekani kuugeuza mji kuwa bustani. Kauli hiyo ya mwisho iliwalenga moja kwa moja wasanifu waliokuwa wamelelewa katika fikra za kisasa za miaka ya 1920, wale waliopenda nyumba zilizotawanyika katikati ya majani. Jarida la mjomba wako lilizaliwa ndani ya hali hiyo, wakati barabara ya Stalinallee jijini Berlin ikijengwa kwa majumba yenye nguzo, vigae na mapambo ya kifahari. Ukikutana na makala ya miaka ile inayoisifu barabara hiyo, kumbuka pia kwamba Juni 16, 1953, mafundi waliokuwa wakiijenga ndio walioweka zana chini kwa sababu ya kuongezewa kiwango cha kazi, na kesho yake mgomo wao ukawa uasi wa nchi nzima.

Mgeuko wa pili ulitokea Moscow. Desemba 1954, Nikita Khrushchev, kiongozi wa chama cha Kikomunisti, aliwahutubia wajenzi wa Umoja wa Kisovyeti kwa saa kadhaa, akawataja wasanifu wakubwa kwa majina na kuwashutumu kwa kumwaga fedha za umma katika minara na mapambo huku wananchi wakikosa nyumba. Amri ya Novemba 4, 1955, iliyopiga vita kile ilichokiita ubadhirifu katika usanifu na ujenzi, ikalifunga suala hilo. Ujerumani Mashariki haikusubiri: tayari Aprili 1955 mkutano wa wajenzi ulikuwa umekaa Berlin na kutoka na wito wa kujenga kwa ubora zaidi, kwa haraka zaidi na kwa gharama ndogo zaidi. Taaluma iliyokuwa imefundishwa kuiona nguzo kama heshima kwa mfanyakazi ilitakiwa sasa ione heshima hiyo hiyo katika kreni na paneli ya zege iliyomwagwa kiwandani.

Ukitaka kuyaona mageuzi haya katika maisha ya mtu mmoja, mfuatilie Richard Paulick. Alikuwa karibu na msanifu Walter Gropius na chuo cha Bauhaus kule Dessau, akakimbilia Shanghai mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, akafundisha na kufanya kazi ya mipango miji huko, kisha akarejea Ujerumani Mashariki na kusanifu sehemu ya Stalinallee kwa mtindo wa kale uliotakiwa. Miaka michache baadaye alikuwa akiongoza ujenzi wa Hoyerswerda, mji ambao kuanzia mwaka 1957 ulijengwa kwa paneli za kiwandani, na kuanzia 1964 alikuwa msanifu mkuu wa mji mpya wa Halle-Neustadt. Sidhani kama Paulick alikuwa kinyonga. Nadhani alikuwa fundi aliyetaka kujenga, na kila mara alijenga kwa lugha iliyoruhusiwa.

Matoleo ya mjomba wako, kama ni ya miaka aliyokuwa masomoni, yatakuwa yamejaa paneli. Huenda ukakutana na ramani ya aina ya jengo iliyoitwa P2. Itazame vizuri. Ngazi imewekwa katikati ya jengo mahali pasipofikiwa na jua, na bafu na jiko navyo vimesukumwa ndani, ili kuta zote za nje zenye madirisha zibaki kwa sebule na vyumba vya kulala. Jiko halina dirisha hata moja. Lina kidirisha tu ukutani cha kupitishia sahani kwenda mezani. Kwa mhandisi hesabu hiyo ni safi kabisa, maana jengo linakuwa nene, kuta za nje zinapungua na joto la ndani haliponyoki wakati wa baridi. Kwa mama wa Lindi anayekaanga samaki, hilo si jiko bali ni tanuri. Hapo ndipo jarida linapokufaa: ramani haidanganyi kirahisi kama maelezo yanayoizunguka, na msomaji anayejua kusoma ramani anaweza kuliuliza swali ambalo mwandishi hakuruhusiwa, au hakufikiria, kuliuliza.

Picha nazo zisome hivyo hivyo. Modeli ya mtaa iliyopigwa picha kutoka juu haina tope, haina foleni ya duka, na chekechea yake imekwisha kamilika. Katika miji halisi ya paneli, Ujerumani hata Urusi, nyumba ziliwahi na maduka, shule na zahanati zikachelewa. Ukiona toleo linaonyesha modeli peke yake bila picha ya mtaa uliokamilika, weka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli. Tazama pia orodha ya wahariri kwenye kurasa za mbele, kwa sababu mabadiliko ya majina mara nyingi husema zaidi kuliko tahariri. Bruno Flierl, mmoja wa wanadharia makini wa usanifu katika nchi ile, alikuwa mhariri mkuu kuanzia mwaka 1962, na kufikia 1964 alikuwa amekwisha kuondolewa kwenye kiti hicho. Kama unayo matoleo ya kabla na baada, yaweke mezani pamoja uyalinganishe. Hiyo ni kazi ambayo ningemwomba mwalimu wako akuruhusu kuiandikia insha.

Swali. Ndugu Mhariri, nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Mtwara. Wanafunzi huniuliza kama chini ya Ukomunisti palipata kuwa na mjadala wa wazi juu ya miji, au amri ilishuka kutoka juu na wote wakaitikia. Sina mfano wa kuwapa. (Mwalimu, Mtwara)

Jibu. Mfano upo, Mwalimu, na ni wa kuvutia. Kati ya mwaka 1926 na 1930 lilitoka Moscow jarida liitwalo Sovremennaya Arkhitektura, yaani Usanifu wa Kisasa, ambalo wengi hulitaja kwa kifupi SA. Wahariri wake walikuwa Moisei Ginzburg na Aleksandr Vesnin, viongozi wa kundi la wasanifu lililojulikana kama OSA, na kurasa zake zilipangwa na Aleksei Gan kwa herufi nene na mistari mizito ambayo mpaka leo wachapaji huiiga. Jarida hilo halikuwa la kutangaza maamuzi yaliyokwisha kupita. Lilikuwa na tabia ya kuuliza. Mwaka 1926 liliwatumia wasanifu wa ndani na wa nje, akiwemo Le Corbusier, msanifu mashuhuri wa Ufaransa, maswali kuhusu paa la bapa: linafaa kiufundi au halifai, linavuja au halivuji, linatumikaje. Msomaji wa Mikindani, ambako nyumba za kale za mawe zina mapaa ya namna hiyo, angeweza kuwajibu vizuri kuliko wengi wao.

Mwaka 1927 jarida likachapisha matokeo ya shindano la kirafiki la kubuni nyumba mpya ya wafanyakazi, na mawazo hayo yakaendelezwa hadi kuzaa jengo la Narkomfin, la makazi ya watumishi wa kamisheni ya fedha, lililojengwa Moscow kati ya 1928 na 1930 kwa mchoro wa Ginzburg na Ignaty Milinis. Fleti zake zilikuwa ndogo, lakini wakazi walipewa ukumbi wa pamoja wa chakula na chumba cha pamoja cha kufulia, kwa matumaini kwamba mwanamke angetolewa kwenye kifungo cha jiko na familia ingezoea hatua kwa hatua maisha ya ujamaa. Neno la kushika hapo ni hatua kwa hatua: Ginzburg hakutaka kulazimisha, naye aliandika hivyo.

Mjadala mkubwa zaidi ulilipuka mwaka 1929, Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano ulipohitaji miji mipya ijengwe kutoka mwanzo kando ya viwanda. Leonid Sabsovich, mchumi, alitaka makazi ya majumba makubwa ya pamoja, ambamo watoto wangelelewa na taasisi na kila mtu mzima angekuwa na chumba chake. Mikhail Okhitovich, mwanasosholojia aliyejiunga na kundi la SA, aliukataa mji wenyewe: kwa kuwa umeme unafika popote na gari linafika popote, kwa nini watu warundikwe mahali pamoja? Alipendekeza nyumba nyepesi za kuunganishwa, zilizopangwa kufuata barabara na nyaya za umeme, katikati ya mashamba na misitu. Ginzburg alishawishika, na mwaka 1930, akiwa na Mikhail Barshch, akachapisha pendekezo la kuipunguza Moscow polepole hadi ibaki bustani kubwa yenye majengo machache ya kihistoria. Nikolai Miliutin, ambaye kama kamishna wa fedha ndiye aliyeagiza jengo la Narkomfin, alitoa mwaka huo huo kitabu kilichopendekeza mji wa ukanda: reli, kiwanda, ukanda wa miti, makazi na bustani, vyote vikienda sambamba, ili mfanyakazi aende kazini kwa miguu na moshi usimfuate nyumbani.

Le Corbusier alimwandikia Ginzburg barua Machi 1930 akiwatetea wakazi wa miji na kuyaona mawazo hayo kuwa kosa. SA ilichapisha barua hiyo pamoja na jibu la Ginzburg, aliyemwambia kwa heshima kwamba alikuwa tabibu hodari, lakini aliyejaribu kumtibu mgonjwa huku akiuacha mji vile vile ulivyoumbwa na ubepari. Wape wanafunzi wako kurasa hizo. Ni mjadala wa watu wazima, wenye hoja, unaovuka mipaka ya nchi, nao ulichapishwa chini ya serikali ya Kikomunisti.

Sasa waeleze ulivyokwisha. Mei 1930 Kamati Kuu ya chama ilitoa azimio la kushutumu njozi za kubadilisha maisha ya kila siku kwa kuruka hatua, na Sabsovich alitajwa kwa jina. Mwisho wa mwaka huo SA ikaacha kuchapishwa. Juni 1931 Lazar Kaganovich, kiongozi wa chama mjini Moscow, akaiambia Kamati Kuu kwamba miji ya nchi ile ilikuwa ya kijamaa tangu Mapinduzi ya Oktoba, na hivyo wanaotafuta mji wa kijamaa walikuwa wakitafuta walichokwisha kuwa nacho. Kwa hoja hiyo mada yenyewe ilifutwa, maana huwezi kujadili namna ya kufikia mahali ambapo umeambiwa umekwisha kufika. Aprili 1932 makundi yote huru ya sanaa na usanifu yakavunjwa, chama kimoja cha wasanifu kikaundwa, na mwaka 1933 kikaanza kutoa jarida lake, Arkhitektura SSSR. Okhitovich aliendelea kusema hadharani alichoamini. Alikamatwa mwaka 1935, naye alikufa mwaka 1937.

Jambo moja lisikupite unapofundisha. Wote hao, Sabsovich kwa Okhitovich, waliweza kuchora miji mahali popote kwa sababu umiliki binafsi wa ardhi na majengo ya mjini ulikuwa umefutwa mwaka 1918, na kiwanja hakikuwa na bei. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama hilo lilikuwa jema. Mwanafunzi wa Tanzania, ambako ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, atalielewa hilo haraka kuliko mwanafunzi wa London. Na pia atajua kwamba ardhi kuwa ya umma hakumzuii mtu kujenga kabla ya mpimaji kufika.

Swali. Mhariri, Wachina walitujengea kiwanda cha Urafiki na reli ya TAZARA. Je, nao walikuwa na jarida la wasanifu, au wao walijenga tu? (Msomaji, Nachingwea)

Jibu. Walikuwa nalo. Jianzhu Xuebao, Jarida la Usanifu Majengo, lilianza mwaka 1954, na miongoni mwa waliolisimamisha alikuwa Liang Sicheng, mwanahistoria aliyekwenda vijijini miaka ya 1930 kupima mahekalu ya kale ya mbao. Mwaka 1950 Liang na mwenzake Chen Zhanxiang walipendekeza ofisi za serikali mpya zijengwe magharibi mwa Beijing ya kale, ili mji ule na kuta zake ubaki salama. Walikataliwa, kuta zikabomolewa, na njia ya ukuta wa ndani ikatumika baadaye kwa reli ya chini ya ardhi. Wakati huo ushauri wa Kisovyeti ulihimiza sura ya kitaifa katika majengo, na Liang akaitetea kwa mapaa makubwa yaliyopindwa kama ya mahekalu. Upepo ulipogeuka Moscow, mwaka 1955 mapaa hayo hayo yakawa ushahidi wa ubadhirifu, naye akashambuliwa kwa maandishi. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni jarida lenyewe lilisimama. Kwa hiyo wahandisi waliokuja kujenga TAZARA kuanzia mwaka 1970 walitoka katika nchi iliyokuwa ikijenga sana na kuandika kidogo.

Swali. Mhariri, huku kwetu Mikindani kuna wanaosema kwamba mji wa Mtwara, wenye barabara pana na nafasi tupu kati ya mtaa na mtaa, ulichorwa kwa mtindo wa Kirusi. Je, mawazo hayo ya Kikomunisti yalifika kwetu kweli? (Msomaji, Mikindani)

Jibu. Mtwara haikuchorwa na Warusi. Mji huo ni mtoto wa Mpango wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza ya chama cha Labour iliuanzisha mwaka 1947 ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Ghuba ya Mtwara ilichaguliwa kwa sababu ya kina chake, bandari ikajengwa, reli ikatandikwa kwenda Nachingwea ambako karanga zingelimwa, na ramani ya mji ikapimwa kwa ukubwa wa shehena iliyotarajiwa. Karanga hazikuja. Mpango uliachwa mwaka 1951, gati likakamilika wakati sababu yake imekwisha kufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Umbali unaouona kati ya Shangani na Chikongola una sababu nyingine pia, ile ya kikoloni ya kuwatenga Wazungu na Waafrika kwa nafasi wazi. Ukipita pale kwa miguu saa sita mchana utaielewa ramani hiyo kwa miguu yako mwenyewe.

Hata hivyo mtu mmoja aliunganisha dunia hizo mbili, naye ni Ernst May. Kati ya miaka ya 1925 na 1930 alikuwa mkuu wa ujenzi wa jiji la Frankfurt na mmoja wa waasisi wa jarida Das Neue Frankfurt, lililowaeleza wakazi kwa picha na takwimu namna nyumba zao zinavyojengwa. Mwaka 1930 aliondoka na kundi la wataalamu kwenda Umoja wa Kisovyeti kupanga miji ya viwanda, Magnitogorsk ikiwa maarufu kuliko yote, na jarida lake la zamani likachapisha taarifa zake kutoka huko. Alikuta kiwanda kimekwisha kuanza kujengwa kabla ya mji, kwa hiyo ramani yake ya mistari iliyonyooka ilibidi ijipenyeze mahali palipobaki. Mkataba ulipokwisha hakuweza kurudi Ujerumani ya Hitler, na mwaka 1934 akaja Tanganyika, akalima kaskazini mwa nchi, kisha akafungua ofisi Nairobi. Aliandaa mpango wa upanuzi wa Kampala katikati ya miaka ya 1940, na hoteli ya Oceanic ya Mombasa ni kazi yake. Linalonisumbua ni hili: mkono uliochora mitaa isiyo na matabaka huko kwenye milima ya Urals ndio uliochora Kampala yenye kilima cha Naguru kwa ajili ya Waafrika na Kololo kwa ajili ya wengine. Mteja alibadilika, na kalamu ikamfuata. Tusiwacheke Wajerumani Mashariki peke yao kwa kugeuka na upepo.

Ama mawazo yenyewe, yalifika kwa njia ya siasa zaidi kuliko ya majarida. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilitaifisha nyumba za kupangisha Februari 1976, na mwaka uliofuata FRELIMO ikajitangaza kuwa chama cha Kimarx na Kilenin. Tanzania haikupata kuwa nchi ya Kikomunisti, lakini sheria ya mwaka 1971 ilikwisha kuyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuhamishia watu wengi katika vijiji vya ujamaa, kwa sababu za kiusalama zilizotokana na vita vya Msumbiji pamoja na sababu za kisiasa. Mpango wa maendeleo wa mikoa ya Mtwara na Lindi wa miaka ya 1970, kwa upande wake, uliandaliwa kwa msaada wa Finland, jirani wa Urusi asiye mkomunisti.

Swali. Mhariri, mwananchi wa kawaida au msanifu asiyekubaliana na wakubwa aliandika wapi? (Msomaji, Masasi)

Jibu. Mwananchi aliruhusiwa kulalamika juu ya bomba, si juu ya mpango. Paa linalovuja, lifti iliyokwama na mlango usiofunga vilipata nafasi katika barua za wasomaji na hata katika magazeti ya vichekesho kama Krokodil la Moscow, ambalo katuni zake ziliwasuta mafundi wazembe mara kwa mara. Kuuliza kwa nini mtaa mzima umejengwa kwa aina moja ya jengo lilikuwa jambo jingine.

Msanifu mwenye hoja nzito mara nyingi alipaswa kuhama uwanja. Hungaria mwaka 1975 ulizuka mjadala uliopewa jina la maua ya tulipani. Wasanifu vijana kutoka Pécs walikuwa wamezipamba kuta za majengo ya paneli katika mji wa Paks kwa maumbo yanayofanana na tulipani, ua lililozoeleka katika mapambo ya wanakijiji wa Hungaria. Máté Major, msanifu na profesa mwenye heshima, aliwashambulia kwa kubandika ua la kijijini juu ya zege la kiwandani, na wengine wakawatetea kwamba mtu anayeishi katika kisanduku cha zege ana haki ya kutambua nyumbani kwake. Hayo yote yalianza katika Élet és Irodalom, gazeti la wiki la fasihi, na yalisomwa na watu ambao hawajapata kushika rula maishani mwao.

Moscow ilipata kisa kinachofanana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasanifu vijana waliochoshwa na kazi ya kupanga paneli walianza kuchora nyumbani majengo yasiyoweza kujengwa, na kuyatuma kwa posta kwenye mashindano ya Japani. Mwaka 1982 Alexander Brodsky na Ilya Utkin walishinda zawadi ya kwanza huko kwa Jumba lao la Kioo, ambalo ukilikaribia unakuta ni safu za vioo vilivyosimama, na nyuma yake hakuna jengo. Maonyesho ya kwanza ya wasanifu hao wa karatasi yalifanyika Moscow mwaka 1984. Ukumbi uliowapokea ulikuwa katika ofisi za Yunost, jarida la fasihi la vijana.